Tukio, mtangazaji, msajiliwa: istilahi za matukio katika programu za kompyuta

Tukio (ngeli ya li-ya, wingi matukio) ni jambo lililotukia. Katika uandishi wa programu za kompyuta neno hili lina maana finyu zaidi: ni taarifa, ndani ya programu, kwamba hali fulani imebadilika. Kitufe kimebofywa, malipo yamepokelewa, joto la jokofu la chanjo limepita kiwango. Kitu kinachotoa taarifa hiyo huitwa mtangazaji, na kila kitu kilichoomba kuarifiwa huitwa msajiliwa. Istilahi hizi hushindana na nyingine, hasa mchapishaji, msajili na mteja. Kila moja hubeba picha yake ya nani anamjua nani, na picha ikiwa mbovu, mwanafunzi hujenga programu mbovu kwa kuifuata.

Kitu, katika taaluma hii, ni fungu la data pamoja na kazi zinazoihusu data hiyo; klasi ni ramani ambayo vitu vya namna moja huundwa kwayo. (Baadhi ya mafunzo huandika darasa badala ya klasi. Neno hilo humpeleka msomaji shuleni na kumwacha huko.) Wazo la kitu kimoja kuviarifu vingine bila kuvijua kwa undani lilikuwamo katika lugha ya Smalltalk, iliyotungwa Xerox PARC huko California katika miaka ya 1970. Mwaka 1994 Gamma, Helm, Johnson na Vlissides walilieleza katika kitabu chao cha Design Patterns kwa jina la Observer, yaani mtazamaji, wakataja pia kwamba hujulikana kwa jina la kutangaza na kujisajili. Jina hilo la pili ndilo lililoenea.

Tukio, tokeo, amri

Tukio limetokana na kitenzi -tukia, yaani kufanyika bila kutajwa aliyefanya. Kwa hiyo lafaa kuliko kitendo, ambacho humtaka mtenda, na kuliko tokeo, ambalo katika matumizi ya leo limeelemea upande wa matunda ya jambo, kama katika matokeo ya mtihani. Tofauti yenye uzito zaidi ni ile iliyopo kati ya tukio na amri. Amri huelekezwa kwa anayetakiwa kuitii, nayo yaweza kukataliwa. Tukio limekwisha kuwa, na hakuna wa kulikataa. Kiswahili huionyesha tofauti hiyo katika umbo la jina lenyewe: PokeaMalipo ni amri, MalipoYamepokelewa ni tukio.

Kiambishi -me- ndicho kinachofaa majina ya matukio. Umbo la -li-, MalipoYalipokelewa, si kosa la sarufi, lakini lina sauti ya masimulizi: hueleza la jana bila kusema kama hali hiyo ingalipo. Umbo la -me- husema kwamba jambo limekamilika na athari yake ipo sasa, na hilo ndilo analohitaji kulijua msajiliwa. Nomino tupu, kama Malipo, ni mbaya kuliko zote mbili, kwa kuwa haisemi kama fedha imeingia, imetoka au imerudishwa.

Yapo matukio ya kabla ya jambo. Katika Windows Forms, maktaba ya Microsoft ya kujengea madirisha, fomu hutoa FormClosing kabla ya kufungwa na FormClosed baada yake. La kwanza humpa msajiliwa nafasi ya kuzuia; la pili halizuiliki. Anayeandika majina hayo kwa Kiswahili atofautishe FomuInafungwa na FomuImefungwa. FomuItafungwa haifai, kwa sababu inaahidi jambo ambalo bado laweza kuzuiwa.

Kutangaza na kumtangazia

Vitabu na masomo mengi husema kwamba mtangazaji humtumia msajiliwa tukio. Sentensi hiyo inaeleweka, ila inaficha kiini cha utaratibu wote. Linganisha:

Maabara ilimtumia daktari majibu.
Maabara ilitangaza majibu.

Katika sentensi ya kwanza, kiambishi -m- na kauli ya kutendea humlazimisha msemaji kuwa na mpokeaji akilini. Bila daktari sentensi haikamiliki. Ya pili imekamilika ingawa hajatajwa msikilizaji hata mmoja. Pengine hakuna anayesikiliza. Pengine wako mia. Ndivyo ilivyo kwa mtangazaji wa matukio.

Mathalani, programu ya duka la dawa ina kitu kiitwacho Kaunta. Kaunta ikiuza dawa huiambia Stoo ipunguze idadi, huiambia Daftari iandike mapato, kisha huiambia Risiti ichapwe. Kaunta inavijua vyote vitatu kwa majina na kwa kazi zake. Siku mwenye duka akitaka mnunuzi apate pia ujumbe wa simu, msimbo wa Kaunta hufunguliwa na kuandikwa upya, ingawa namna ya kuuza dawa haikubadilika hata chembe. Kwa njia ya matukio, Kaunta hutangaza DawaImeuzwa, basi. Stoo, Daftari na Risiti zimejisajili zenyewe, na kitu cha nne kitajisajili pasipo Kaunta kuguswa.

Kutokana na hayo kipo kipimo chepesi cha lugha. Msimbo ukisimuliwa kwa Kiswahili na simulizi ikadai kitenzi cha kutendea chenye kiambishi cha mtendwa, yaani anamwambia, anamtumia, anamtangazia, basi pande mbili zimefungamana. Simulizi ikitosheka na anatangaza, zimeachana.

Kuachana huko kuna bei. Anayeusoma msimbo wa Kaunta haoni tena kinachofuata baada ya dawa kuuzwa. Itambidi atafute mahali pote panapofanyika usajili. Tena, ikiwa hatua moja lazima ifaulu kabla ya nyingine, kama vile kuhakikisha dawa ipo kabla ya kupokea fedha, wito wa moja kwa moja ni bora kuliko tukio. Waandishi wengi wa programu wakishaonja matukio huyatumia kila mahali, na programu zao hufanana na nyumba ambamo kila mtu anapaza sauti na hakuna ajuaye nani aliitikia.

Eugster, Felber, Guerraoui na Kermarrec, katika makala yao ya mwaka 2003 kwenye jarida la ACM Computing Surveys, walitaja namna tatu za kuachana: ya mahali, kwamba pande mbili hazijuani, ya wakati, kwamba si lazima ziwe macho kwa pamoja, na ya usawazishaji, kwamba hakuna upande unaosimama kuungoja mwingine. Ndani ya programu moja kwa kawaida hupatikana ile ya kwanza tu. Mtangazaji huita wasajiliwa mmoja baada ya mwingine na kungoja kila mmoja amalize, hata kama yeye hajui ni akina nani. Hizo nyingine mbili huhitaji wa kati anayeyahifadhi matukio, ambaye jina linalomfaa ni dalali: huwakutanisha wenye bidhaa na wenye haja bila wao kukutana.

Kuhusu mchapishaji: neno hili ni tafsiri ya haraka, na limekwisha kuzoeleka kwa mtu au kampuni ya kutoa vitabu. Katika lugha ya kompyuta lina tatizo jingine, kwamba kichapishi tayari ni mashine ya kuchapa karatasi. Sentensi kama mchapishaji ametoa tukio kwa kichapishi humchosha msomaji bila sababu. Mtangazaji hana mzigo huo, na mwenye redio anamjua.

Msajili si msajiliwa

Kosa lililoenea kuliko yote ni kumwita anayepokea matukio msajili. Msajili ni mwenye kusajili wengine: Msajili wa Vyama vya Siasa hajiungi na chama, huandika majina ya vyama katika daftari lake. Katika programu, mwenye daftari ni mtangazaji mwenyewe, au dalali. Anayeandikwa ni msajiliwa, kwa umbo lile lile la mtahiniwa na mshitakiwa. Kumwita msajili ni kumpa mtahiniwa kiti cha mtahini.

Mfuatiliaji linakubalika katika maandishi mepesi, lakini linadokeza mtu anayechungulia mara kwa mara kuona kama kuna jipya. Huo ni utaratibu mwingine kabisa, na matukio yalibuniwa ili kuuepuka. Msikilizaji ni zuri, nalo linakubaliana na istilahi ya Java, ambako violesura vya kupokea matukio vina majina yanayoishia na Listener. Tofauti yake na msajiliwa ni ya mtazamo: msikilizaji husisitiza kazi ya kupokea, msajiliwa husisitiza kwamba jina lake limo katika daftari na siku moja litapaswa kufutwa.

Mteja lina historia yake. Kampuni za simu za Afrika Mashariki hulitumia kwa mwenye laini, na maneno ya mashine, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa, yamezoeleka Kenya kiasi kwamba mtu asiyepatikana kwa simu husemwa kuwa yuko mteja. Kwa hiyo neno lililokusudiwa kumtaja aliyejisajili limeishia kumtaja asiyepatikana. Aidha, katika mitandao ya kompyuta mteja ni mshirika wa seva, maana iliyokwisha kukaa. Halifai kuongezewa ya tatu.

Aina: mbiu inasema jambo gani

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ilikuwa pembe iliyopigwa ili watu wakusanyike kusikia tangazo. Ilitimiza vyema sharti la kutomjua msikilizaji. Lakini pembe yenyewe haisemi ni jambo gani. Aliyeisikia alipaswa kwenda akasikilize. Mifumo ya kwanza ya matukio ilikuwa hivyo hivyo.

Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuja na klasi ya Observable na kiolesura cha Observer. Methodi ya kupokea, update, ilipewa vitu viwili: aliyetangaza, na kifurushi cha aina ya Object, ambayo katika Java ni aina inayovikumbatia vitu vyote. Msajiliwa alipaswa kukifungua kifurushi na kudai kwamba ndani yake mna anachokitarajia. Dai likiwa la uongo, kompaila haioni kitu. Programu huanguka wakati wa kuendeshwa. Klasi hizo zilitangazwa kuwa zisitumike tena katika Java 9, mwaka 2017, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni ufinyu wa namna zilivyoyachukulia matukio.

Uzito wa jambo hili huonekana katika jokofu la chanjo. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Programu ya zahanati inasoma kipimajoto na kutangaza joto linapopita kiwango. Kitu kingine kimejisajili ili kimpigie muuguzi simu. Mwandishi wa upande wa kwanza anakifunga kipimo kama maandishi, "9.5". Wa upande wa pili anadai kwamba ni namba. Kila upande ukisomwa peke yake hauna kosa. Programu inafanya kazi wiki baada ya wiki, kwa kuwa joto halijapita kiwango na msimbo wa kengele haujaguswa. Inavunjika mara ya kwanza inapohitajika, usiku, na chanjo zinaharibika pasipo simu kulia.

Mtangazaji mwenye aina huliondoa kosa hilo kabla programu haijaanza kutumika. Badala ya Mtangazaji tu, huandikwa Mtangazaji<JotoLimepitaKiwango>, na anayetaka kujisajili kwake sharti awe Msajiliwa<JotoLimepitaKiwango>. Tukio lenyewe ni klasi yenye sehemu zilizotajwa: jokofu gani, joto kiasi gani, saa ngapi. Asiyelingana hapokelewi, na anayemkataa ni kompaila, mchana, mbele ya mwandishi mwenyewe.

Msemaji wa Kiswahili anaujua ukaguzi wa namna hii tangu utotoni. Kikombe umevunjika humkwaruza sikio kabla hajafikiria kikombe chenyewe. Upatanisho wa ngeli umekataa. Ngeli haihakikishi kwamba kikombe kimevunjika kweli, bali kwamba kiambishi cha kitenzi kimeafikiana na nomino. Aina nazo haziendi mbali zaidi ya hapo. Kama sehemu ya joto imeandikwa kuwa namba tu, kompaila itapokea nyuzi za Farenhaiti kwa furaha ile ile. Anayetaka kinga hiyo aunde klasi ya Selsiasi.

Lugha mbalimbali zilifika hapo kwa hatua. Java 1.1, mwaka 1997, iliweka kiolesura mahususi kwa kila kundi la matukio ya skrini, kama ActionListener na MouseListener. Kinga ilikuwapo, ila kila kundi jipya lilidai kiolesura kipya. Baada ya Java kupokea parameta za aina mwaka 2004, kiolesura kimoja kiliweza kutumika kwa aina zote. C# ilipata EventHandler<TEventArgs> mwaka 2005, ambamo maudhui ya tukio yana aina, ingawa mtangazaji mwenyewe angali anapitishwa kama object, bila aina. Maktaba ya Qt, ambayo huyaita matukio yake ishara, kwa miaka mingi iliunganisha pande mbili kwa kulinganisha majina kama maandishi wakati wa kuendeshwa. Herufi moja ikikosewa, onyo moja lilichapwa na programu ikaendelea bila muunganisho. Toleo la 5, mwaka 2012, liliongeza njia inayokaguliwa na kompaila.

Urithi wa klasi huleta swali la ziada. Ikiwa MalipoYaSimu na MalipoYaTaslimu zote ni warithi wa Malipo, je, aliyejisajili kwa Malipo apate matukio ya warithi? Mifumo inayoyagawa matukio kwa aina hujibu ndiyo, na jibu hilo ni la kawaida: anayeweza kutibu wanyama wote anaweza kutibu mbuzi. Kinyume chake hakikubaliki. Daktari wa mbuzi asiandikwe mahali panapoletwa ng'ombe na farasi. Katika .NET, tangu toleo la 4 la mwaka 2010, kanuni hiyo imeandikwa ndani ya majina ya aina kwa maneno mawili mafupi: IObservable<out T> kwa anayetoa, IObserver<in T> kwa anayepokea.

Hapa Kiswahili kina mtego mmoja. Mtangazaji wa aina ya Malipo yaweza kusomwa kwa njia mbili: mtangazaji ambaye yeye mwenyewe ni wa aina hiyo, au mtangazaji ambaye matukio yake ni ya aina hiyo. Iliyokusudiwa karibu kila mara ni ya pili. Iandikwe kwa urefu: mtangazaji wa matukio ya aina ya Malipo. Kwa kuwataja wote kwa jumla, watangazaji wenye aina hutosha.

Kujisajili na kujiondoa

Kujisajili hufanyika mara moja, na kwa furaha. Kujiondoa husahauliwa. Madhali jina la msajiliwa limo katika daftari la mtangazaji, mkusanya taka wa lugha kama Java au C#, ambaye kazi yake ni kurudisha kumbukumbu ya vitu visivyofikika tena, humwona kuwa bado anahitajika. Dirisha lililofungwa asubuhi huendelea kuishi na kuitikia matukio hadi jioni. Kumbukumbu hujaa polepole, na chanzo chake ni kigumu kukipata kwa sababu kosa limo katika mstari ambao haukuandikwa.

Kwa kitendo hiki hakuna kinyume kilichoundwa kwa sarufi. Kauli ya kutendua, inayozaa fungua kutoka funga na vua kutoka vaa, haiingii katika vitenzi vilivyokopwa kutoka Kiarabu kama sajili. Kufuta usajili hufaa likitajwa la mtangazaji; kujiondoa likitajwa la msajiliwa. Kujitoa laeleweka pia, lakini limezoea kuhusishwa na kujiuzulu.

Usajili, nomino ya ngeli ya u-, waweza kuwa kitendo au kitu. Katika Java 9 ni kitu: msajiliwa wa Flow hukabidhiwa Subscription, na kwa hiyo huomba idadi ya matukio anayoyaweza, kwa mfano kumi, na mtangazaji hapaswi kuzidisha mpaka aombwe tena. Katika maelezo ya Kiswahili usajili kama kitu hutofautishwa kwa kiambatani: usajili huu umefutwa, usajili wake una nafasi kumi.

Upatanisho wa watendaji

Mtangazaji na msajiliwa ni nomino za a-wa, japokuwa vinavyotajwa ni vitu visivyo na uhai. Upatanisho ufuate nomino: mtangazaji anatangaza, wasajiliwa wamejiondoa. Palipo na jina la klasi, upatanisho hufuata nomino iliyofichika: Kaunta inatangaza, kwa kuwa kaunta ni ya i-zi, kitu Kaunta kinatangaza. Mwandishi achague moja na kuishikilia ndani ya aya, maana anatangaza na kinatangaza vikikaribiana msomaji hudhani kuna watangazaji wawili. Maumbo ya ki-, kitangazi na kisikilizi, yameundwa kwa mfano wa kivinjari na kikokotoo, na yanafaa kutaja kifaa au kipande kimoja cha msimbo. Hayajaenea, na anayeyatumia ayaeleze mara ya kwanza yanapotokea.